Sura ya Nne: Kuushika Udongo wa Masaba

Mvua kubwa ikinyesha usiku juu ya mlima wa Wanale, asubuhi mto Nabuyonga hupita katikati ya Mbale ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu wa Nkoma na mitaa ya jirani wameizoea rangi hiyo, wala hawasimami darajani kuitazama. Lakini ile ni rangi ya shamba la mtu. Ni tabaka la juu la udongo, lenye mboji na minyoo na karibu rutuba yote, ambalo mkulima wa mlimani amelipalilia juzi tu, na sasa linateremka kwenda kwenye ardhi oevu ya Namatala, kutoka hapo mto Mpologoma, hadi Ziwa Kyoga. Huko Kyoga linakutana na maji ya Nile yaliyopita Jinja.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo. Zaidi ya watu 20 walikufa Mbale na wilaya za jirani, madaraja yakabomoka, mabomba ya maji yakang'oka. Mjini watu walizungumzia mitaro iliyoziba na nyumba zilizojengwa kandokando ya mto, na walikuwa na haki. Ila maji yale yalianza safari juu kabisa, kwenye miteremko ambayo zamani ilikuwa na miti na sasa ina mahindi na maharage mpaka ukingoni mwa genge.

Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika. Kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Udongo wake wa volkano ni mzito na una rutuba, mvua ni nyingi, na kwa sababu hizo mbili watu walijazana. Mashamba yamegawanywa baba kwa wana na wana kwa wajukuu, hadi familia nyingi leo zinaishi kwa ekari moja au chini yake. Mtu mwenye ekari moja yenye mteremko mkali hawezi kuipumzisha. Lazima ailime mwaka huu, na mwaka ujao, na baada ya hapo, na kila mwaka ikiwa imepungua kidogo.

Mbinu za kuuzuia udongo zinajulikana tangu zamani. Swali linalonishughulisha katika sura hii ni jingine: kwa nini mbinu moja hukaa shambani miaka hamsini na nyingine hufa siku gari la mradi linapoondoka? Nimelizungukia swali hili muda mrefu, na jibu ninaloliamini ni kwamba mkulima mdogo huitunza mbinu inayomlipa mapema, kabla udongo wenyewe haujaanza kuonyesha faida yake. Ukimwomba achimbe mtaro leo ili wajukuu wapate rutuba, atachimba kwa heshima. Ukimpa mtaro ambao ukingo wake unamlisha ng'ombe kuanzia mwezi wa nne, ataulinda kwa panga.

Afrika Mashariki imelipa gharama kulijifunza hili. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ya ngazi kwenye milima yao karibu na Morogoro. Kazi ilikuwa ngumu, siku zilikwisha kwenye matuta badala ya chakula, na kuchonga ngazi kule kulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Mavuno yakashuka. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikazuka, na mradi ukaachwa. Machakos, nchini Kenya, hali ilikuwa mbaya vilevile miaka ya 1930. Maofisa waliandika kwamba wilaya ile inakufa. Lakini Waafrika waliporuhusiwa kulima kahawa miaka ya 1950, na soko la mboga na matunda la Nairobi lilipokua, Wakamba wenyewe wakaanza kuchimba mitaro ya fanya juu, kila mtu shambani kwake na kwa vikundi vyao vya mwethya. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walieleza mwaka 1994 jinsi idadi ya watu wa wilaya hiyo ilivyoongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930 huku mmomonyoko ukipungua. Kilichobadilika kati ya Uluguru na Machakos ni kwamba safari hii tuta lilikuwa na kitu cha kuuza juu yake.

Masaba ina kitu cha kuuza. Kahawa ya arabika ilifika hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1954 wakulima waliunda chama kikuu cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, chenye makao yake Mbale. Chini ya mibuni palikuwa na migomba tangu mwanzo. Bibi zetu hawakusubiri utafiti: mgomba hutoa chakula wiki kwa wiki, mbuni hutoa ada ya shule mara moja kwa mwaka. Mafunzo ya ugani, hata hivyo, kwa muda mrefu yalishughulikia zao moja moja, shamba la kahawa peke yake na la ndizi peke yake, yakiona mchanganyiko kama uzembe wa mtu asiyetaka kupanga mistari.

Mwaka 2011 watafiti wa taasisi ya kilimo cha nchi za joto, IITA, walichapisha hesabu zilizowapa bibi zetu haki yao. Katika eneo la arabika la Mlima Elgon, hekta moja ya kahawa peke yake iliingiza wastani wa dola 2,364 kwa mwaka. Ndizi peke yake ziliingiza dola 1,728. Kahawa na ndizi pamoja ziliingiza dola 4,441. Tena mavuno ya kahawa hayakupungua kwa maana yoyote kwa sababu ya kuwa chini ya migomba. Ndizi zilikuwa nyongeza juu yake.

Sababu zinaonekana kwa macho ukisimama ndani ya shamba kama hilo adhuhuri. Majani ya mgomba yanakata jua kali, na arabika ni mmea wa baridi. Hustawi vizuri panapokuwa na nyuzi 18 hadi 22 hivi, na joto likizidi hudhoofika na wadudu wa shina hupata nafasi. Matone ya mvua yanapigwa na jani la mgomba kwanza, kisha la mbuni, kisha yanaangukia matandazo ya majani makavu na vipande vya magogo ya migomba iliyovunwa. Hadi yanafika ardhini hayana nguvu ya kung'oa chochote. Ukifunua matandazo hayo kwa mkono, udongo wa chini una unyevu hata wiki mbili baada ya mvua kukatika, na minyoo ipo. Ongeza mringaringa mmoja mmoja juu ya yote, wenye mizizi ya kina na majani yanayooza haraka, na una shamba lenye ghorofa tatu.

Mchanganyiko huu una deni lake. Mgomba hula potasiamu nyingi sana, na kila mkungu unaopakiwa lori kwenda Kampala au kuvuka mpaka kwenda Kenya unaondoka nayo. Maganda ambayo zamani yalitupwa nyuma ya jiko, chini ya mgomba uleule, sasa yanaozea kwenye lundo la taka mjini. Shamba la mlimani linapungukiwa na kitu kilekile ambacho mji hauna pa kukitupa. Nitalirudia jambo hili mbele.

Deni la pili ni ugonjwa. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulitambuliwa Uganda mwaka 2001, huko Mukono na Kayunga, ukasambaa karibu kila mahali. Dalili zake mkulima hazisahau: majani yananyauka yakiwa bado mabichi, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukiikata moja ndani ni kahawia, ukilikata gogo linatoa usaha wa manjano. Hakuna dawa. Kuna nidhamu tu, na nidhamu yenyewe inaanzia kwenye ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Wadudu hutua pale kufuata utomvu na kuacha bakteria waliowabeba kutoka shamba jingine. Kwa hiyo, mara kichane cha mwisho kinapokwisha kutoka, unachukua kijiti chenye panda, unakikabisha kwenye shingo ya ua, unakizungusha, na ua linavunjika na kudondoka. Kijiti ni muhimu. Panga lingefanya kazi haraka zaidi, lakini panga linabeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba, labda ulipitishe kwenye moto au kwenye jiki kila mara. Na mgomba ukishaugua, zamani watu waliambiwa wang'oe shina zima na watoto wake wote, kazi iliyowavunja moyo wengi. Sasa inajulikana kwamba kukata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa ardhi, na kurudia hivyo mara tu mwingine unapoonyesha dalili, kunaweza kulishusha gonjwa hadi kiwango ambacho shamba linaendelea kulisha watu. Mbinu hii imeenea kwa sababu mama mwenye watoto wa kulisha anaweza kuifanya Jumamosi moja bila kupoteza shamba zima.

Sasa kwenye mitaro. Kupima mstari wa kontua hakuhitaji fundi. Fito mbili za urefu wa mita mbili hivi zinafungwa juu pamoja, miguu ikiachana. Fito ya tatu inakatiza katikati. Kutoka kileleni inaning'inizwa kamba yenye jiwe. Kwanza unalisimamisha umbo hilo popote, unatia alama pale kamba inapogusa fito ya kati, kisha unaligeuza mguu huu pale ulipokuwa ule na kutia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kamba itakapokaa miguu yote miwili ikiwa usawa mmoja. Baada ya hapo ni kutembea nalo kukata mteremko, mguu mmoja ukibaki mahali pake na mwingine ukitafuta usawa, na mtoto anafuata nyuma akipigilia vigingi. Mstari utapinda kufuatana na mlima. Watu wengi wanaona aibu kwa mistari iliyopinda na wanainyoosha kwa jicho, na mvua ya kwanza inapita palepale walipoinyoosha.

Kwenye mstari unachimba mtaro, sentimita 60 kwenda chini na karibu vilevile upana. Ukiurusha udongo upande wa juu, hiyo ndiyo fanya juu: miaka michache ya mvua inajaza udongo nyuma ya tuta, na ngazi inajijenga yenyewe bila kufukua ule wa chini kama ilivyokuwa Uluguru. Ukiurusha chini, ni fanya chini, rahisi kwa mgongo lakini ngazi huchelewa. Tuta lisilopandwa kitu halifiki msimu wa pili. Panda majani ya tembo, au setaria, au kaliandra, yakaribiane. Hapo ng'ombe wa kufungiwa nyumbani anaingia kwenye hesabu: majani ya tuta yanamlisha, samadi yake inarudi kwenye mibuni, maziwa yanalipa sabuni na daftari. Ukiniuliza chombo gani kimeokoa udongo mwingi zaidi Bugisu, ningemtaja ng'ombe huyo kabla ya jembe.

Lazima hapa nilitoe onyo ambalo vitabu vingi vya kilimo hulipita. Mtaro unaoingiza maji ardhini ni neema kwenye mteremko wa kawaida. Kwenye mabonde yaliyobonyea kwa juu, yenye udongo wa mfinyanzi wa kina kirefu, maji hayohayo yanaweza kuulowesha mlima hadi uachie. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliachia Nametsi, Bududa, na kijiji kikafukiwa. Waliokufa na waliopotea walikadiriwa kufikia mamia. Oktoba 2018 mto Suume ulishusha mawe na matope Bukalasi, watu zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Mizizi ya miti hushika tabaka la juu, na inazuia maporomoko madogo mengi, lakini poromoko linaloanzia mita kadhaa chini halijali mizizi. Penye nyufa ardhini, penye chemchemi mpya isiyokuwapo mwaka jana, penye miti iliyoinama yote upande mmoja, kazi ni kuyaongoza maji yaondoke kwa mtaro wenye mteremko mdogo hadi kwenye mkondo wenye nyasi, na nyumba ihamishwe. Nawaheshimu wote wanaopanda miti mlimani, pamoja na mpango wa Mbale uliosaidiwa na watu wa Wales ambao uligawa mamilioni ya miche. Miche hiyo haiwezi kuwa sababu ya kumwambia mtu alale kwa amani chini ya mlima uliopasuka.

Ukishuka kutoka Mbale kwenda Jinja, tatizo linabadilika sura. Busoga ni nchi ya vilima vya polepole na mahindi. Hapa adui mkubwa hasombi kitu, anaota. Kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau, huwahi mahindi yakiwa bado chini ya goti. Mizizi yake inajibandika kwenye mizizi ya mhindi na kunyonya, na mkulima anaona mahindi yamedumaa kama yamekosa maji wakati mvua ipo. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Kulipalilia likishachanua ni kuchelewa, limekwishakula.

Jibu bora ninalolijua lilitoka kando ya ziwa letu wenyewe, Viktoria, huko Mbita, upande wa Kenya, ambako taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, ina kituo. Miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta namna ya kumzuia funza wa mabua bila dawa. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, kwa sababu harufu yake inawafukuza nondo. Pembezoni wakapanda majani ya tembo, yanayowavutia nondo watage huko, na mengi ya mafunza yanayoanguliwa yanakufa humo yakinaswa na utomvu. Mfumo ukaitwa sukuma-vuta. Kisha wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kiduha kilipotea. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha na kuzizuia zisijishikize kwenye mhindi, kwa hiyo zinaota na kufa. Msimu kwa msimu, ghala la mbegu lile lililojaa ardhini linapungua.

Viwavijeshi vamizi walipofika Afrika mwaka 2016 na kuenea Uganda mwaka uliofuata, wengi tulidhani mchezo umekwisha. Utafiti uliochapishwa 2018, kutoka mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba kwenye sukuma-vuta viwavi kwa kila mhindi walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko kwenye mahindi yaliyopandwa peke yake. Siku hizi kwa maeneo ya ukame wanatumia desmodiamu ya majani ya kijani na nyasi za brakiaria, zinazovumilia jua zaidi.

Nalipenda sana jawabu hili, na ndiyo sababu nataka kusema wazi linapokwama. Desmodiamu huota polepole. Msimu wa kwanza inafanana na gugu, na kibarua asiyeelezwa ataipalilia yote kwa asubuhi moja. Mbegu ni ghali na hazipatikani kila duka la pembejeo. Wakulima waliofanikiwa wengi wamekatiana vipande vya mashina, jirani kwa jirani. Na mtu asiye na mbuzi wala ng'ombe anapata nusu tu ya faida, labda awe na wa kumuuzia majani.

Kikwazo kikubwa zaidi karibu na Jinja ni mua. Kiwanda cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kilikuwa na mashamba yake. Baadaye wakulima wa nje waliingia kwa maelfu, na viwanda vingine vikafuata. Mua wa kwanza hukaa shambani karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya kuvunwa. Kwa mwenye ekari hamsini ni biashara. Mwenye ekari mbili akizipanda zote mua, ananunua unga miezi yote hiyo kwa pesa ambayo hajaipata. Simwambii mtu aache mua. Naomba tu nusu ekari ya chakula iliyo karibu na nyumba isiguswe, na majani makavu ya mua yasichomwe baada ya kuvuna. Yakitandazwa kati ya mistari yanazuia magugu na kurudisha uhai wa udongo, na kuyachoma ni kuipandisha rutuba hiyo angani.

Hapo narudi kwenye maganda ya ndizi. Mamlaka ya mazingira ya Uganda, NEMA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliijengea miji kadhaa, Jinja na Mbale ikiwamo, vituo vya kugeuza taka kuwa mboji. Kazi yenyewe ni rahisi: taka za sokoni hupangwa matuta marefu, hugeuzwageuzwa zipate hewa, zinapanda joto kupita nyuzi 55, joto ambalo huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa, na baada ya miezi michache zinachekechwa. Kinachoharibu ni kavera. Taka za Uganda nyingi ni za jikoni na zinaoza vizuri, lakini zikichanganywa na mifuko ya plastiki, betri na vioo tangu kwenye ndoo ya nyumbani, mboji inayotoka ina vipande ambavyo hakuna mkulima atakayelipia. Kutenganisha kunapaswa kufanyika sokoni, kwa muuza ndizi mwenyewe, kwa gunia lake la maganda. Lori linaloteremsha matooke asubuhi hurudi mlimani tupu. Halmashauri ya jiji ikikaa na wenye malori hayo na vyama vya kahawa, gharama ya kupandisha mboji inashuka hadi mahali ambapo mkulima anaweza kuifikiria.

Limebaki suala la ardhi, na ni gumu kuliko yote. Busoga na kwenye tambarare za chini ya Mbale, wengi hukodi shamba kwa msimu mmoja. Mtu wa msimu mmoja hatapanda desmodiamu, ambayo faida yake kubwa inaanza msimu wa tatu, wala hatachimba fanya juu kwenye ardhi ambayo mwenyewe ataidai mara itakapopendeza. Mlimani tatizo lina sura nyingine: mibuni mara nyingi ni ya mume na ndizi za kupika ziko mikononi mwa mke, na akipanga mistari mmoja bila mwenzake, mmoja wao atapoteza. Nilichoona kikifanya kazi ni makubaliano ya maandishi ya misimu sita, mbele ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) na mashahidi, kodi ikipunguzwa kwa siku za kazi zilizoingia kwenye mitaro, na ikiandikwa wazi nani anakata majani ya tuta na nani anauza maziwa. Yaandikwe Januari, shamba likiwa tupu na mvua za Machi hazijafika, kwa sababu mbegu zikishaingia ardhini hakuna mwenye subira ya kukaa kwenye benchi na kuzungumzia mipaka.